Msinifanye mimi mwenye shida kuwa fimbo ya kumchapia mkimbizi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Nina miezi saba sina kazi. Nyumbani nina mama aliyepigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi, kwa hiyo hata nikipata kibarua cha usiku lazima kwanza nitafute wa kumgeuza kitandani. Nimeomba msaada wa serikali mara tatu. Fomu ya kwanza ilipotea mikononi mwao. Ya pili ikarudishwa kwa sababu sahihi yangu imetoka nje ya kisanduku. Inasomeka vizuri kabisa, ila mkia wa herufi ya mwisho umegusa mstari. Ya tatu naambiwa "ipo kwenye mchakato", na humu ndani kama kuna mtu amewahi kuuona huo mchakato kwa macho aje anisimulie unafananaje.

Lakini fomu sicho kilichonileta. Fomu nimeshazizoea.

Juzi nimekaa kwenye benchi la ofisi hiyo, nimeshika karatasi namba 84, wanahudumia namba 41. Nyuma yangu kuna mzee aliyekuwa akinitazama nikipanga na kupangua makaratasi. Akaniinamia sikioni kama ananipa siri: "Mwanangu, ungekuwa mkimbizi ungeshapewa zamani." Benchi zima likaguna kukubali. Mama mmoja akadakia kwamba wale wanapewa na simu mpya. Mwingine akasema nyumba. Aliyekaa mwisho kabisa akasema gari, na hata hapo hakuna aliyecheka.

Wakati hayo yanasemwa, mkimbizi mwenyewe alikuwa hatua nne kutoka tulipo. Kijana mwembamba, faili la plastiki kifuani, barua zake kazipanga kwa tarehe. Nilimkuta pale asubuhi. Alipoitwa dirishani hakumaliza dakika tano. Nilisikia kila kitu kwa sababu kioo kile kina tundu dogo na mhudumu anapiga kelele kama anauza mnadani: aliitwa kwenye mahojiano, hakutokea, ombi lake la hifadhi limefungwa. Kijana akajitetea kwa maneno ya kubahatisha kwamba barua ya wito ilipelekwa anuani ya zamani, na waliomhamisha kutoka anuani hiyo ni wao wenyewe. Mhudumu akamjibu ajaze fomu.

Akageuka, akakaa jirani yangu, akaniomba kalamu kwa ishara. Nikampa. Aliandika akamaliza akaondoka nayo. Basi wakuu, niwape takwimu kamili ya mali ambayo waomba hifadhi wamenichukulia mimi tangu nizaliwe: kalamu moja, ya bluu, iliyokuwa imebaki wino nusu.

Hasira yangu inaanzia hapo. Nikirudi nyumbani nafungua simu, kwenye kundi la ukoo binamu yangu katuma picha mbili zimebandikwa pamoja. Upande huu bibi kizee kajifunika blanketi kwenye chumba cha giza, upande ule jengo la hoteli linang'aa. Chini yake: wazee wetu wanateseka, wageni wanalala hotelini, sambaza kama unaipenda nchi yako. Binamu huyu huyu mama alipolazwa siku kumi na tisa hakutuma hata ujumbe wa pole. Leo ana uchungu na wazee! Na mheshimiwa fulani, ambaye jina lake halina haja, akisimama jukwaani siku hizi hamalizi dakika tatu bila kumtaja "mwananchi wetu wa hali ya chini". Ndugu yangu, mimi ndiye huyo mwananchi wa hali ya chini. Niko dirisha namba sita. Mbona hujawahi kuja?

Mnanikumbuka mimi siku mnapotaka kumpiga mtu mwingine tu. Mkishampiga mnanirudisha kabatini.

Nitoe mfano wa Uingereza, kwa sababu picha nyingi za hoteli zinatoka huko. Ni kweli waomba hifadhi wamewekwa hotelini, na ni kweli pesa iliyokwenda ni nyingi ya kutisha. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilisema mwaka 2025 kwamba mikataba ya makazi ya waomba hifadhi ya mwaka 2019 hadi 2029, iliyokadiriwa mwanzoni kugharimu pauni bilioni 4.5, sasa inategemewa kufika pauni bilioni 15.3. Someni tena. Zaidi ya mara tatu. Katika miezi iliyokaguliwa, waliokuwa hotelini walikuwa kama theluthi moja tu ya waliopewa makazi, lakini hoteli zikala robo tatu ya fedha yote.

Sasa jiulizeni hiyo fedha iliingia mfuko wa nani. Mwomba hifadhi anayelishwa hotelini mwaka 2024 alikuwa anapewa mkononi chini ya pauni 10 kwa wiki. Anayejipikia alipewa pauni 49.18 kwa wiki, hapo ni chakula, nguo, sabuni na nauli. Bilioni zimekwenda kwa wenye mikataba na wenye majengo. Na kwa nini watu walirundikana hotelini? Kwa sababu mafaili yao yalikaa mezani miezi na miaka bila kusomwa, na sheria hairuhusu waombe hata ruhusa ya kufanya kazi mpaka wangoje miezi 12, tena baada ya hapo ni kwa kazi zilizo kwenye orodha maalumu tu. Yaani unamfunga mtu mikono, halafu unaita majirani waje wamtazame, eti mvivu huyu anakula bure.

Nchi hiyo hiyo mwaka 2022 ikaja na mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Mpango ukafa mwaka 2024. Serikali iliyouzika ilisema pauni milioni 700 zilikuwa zimeshatumika, na waliokwenda walikuwa watu wanne, wote kwa hiari yao. Wanne! Hivi mnajua milioni 700 zingemaliza foleni ngapi za watu kama mimi? Lakini sikuona mtu anabandika picha ya bibi kizee pembeni ya ndege ya Rwanda. Fedha ikitumika kumfukuza mgeni hakuna anayeuliza wazee wetu watakula nini.

Na hili ndilo linanichoma kuliko yote. Kuanzia Aprili 2017, kwa miaka kadhaa, Uingereza iliwanyima wazazi wa kipato cha chini nyongeza ya posho kwa mtoto wa tatu na kuendelea. Raia wake wenyewe, watoto wao wenyewe. Sababu iliyotolewa haikuwa wakimbizi. Walisema familia zinazotegemea posho lazima zifanye maamuzi ya kifedha kama familia zinazojitegemea. Kwa hiyo tunapoomba sisi, tunaambiwa tujifunze kujitegemea. Akiomba mgeni, anaambiwa fedha hii ni ya akina sisi. Mimi nauliza tu, hiyo fedha ya akina sisi inakaa kabati gani? Maana hata siku ambazo hakuna mgeni hata mmoja kwenye benchi, dirishani naambiwa haipo.

Najua kuna watakaokuja kuniambia wengi wao waongo, hawakimbii vita, wanakimbilia posho. Wapo waongo, sibishi. Ndiyo maana kuna mahojiano, kuna uamuzi, kuna rufaa, na wanaokataliwa ni wengi. Mwomba hifadhi ni mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa bado, ndiyo tofauti yake na mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa. Mkataba wa mwaka 1951 wa Umoja wa Mataifa unasema anayetoka moja kwa moja kwenye hatari, akajisalimisha bila kuchelewa na kueleza sababu yake, asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali. Haikuwekwa hiyo kwa huruma ya kijinga. Waliouandika walikuwa wametoka kuona watu wakirudishwa mipakani kwenda kufa. Na nani atamwendea serikali inayotaka kumuua aombe muhuri wa kusafiria?

Halafu hii dhana kwamba dunia nzima imehamia kwa matajiri. Takwimu za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, za mwisho wa mwaka 2024 zinataja watu milioni 123.2 waliolazimika kuacha makwao duniani, na milioni 73.5 kati yao hawajavuka hata mpaka, wako ndani ya nchi zao. Waliovuka, asilimia 67 wako nchi jirani tu na walikotoka, na asilimia 73 wanahifadhiwa na nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaopiga kelele kubwa ya kuelemewa siyo waliobebeshwa mzigo mkubwa.

Sasa ninyi wa upande wa pili, mlioanza kunipigia makofi tangu aya ya tatu, shusheni mikono. Na ninyi nina neno nanyi.

Mnakera vilevile. Mtu akisema kisima hakitutoshi, mnamwita mbaguzi. Yule mzee aliyeniinamia sikioni simuoni kama mtu mbaya. Ana miaka inayozidi sabini, miguu imevimba mpaka viatu kavikanyaga kisigino, na amekaa pale tangu asubuhi bila mtu kumwambia hata "subiri kidogo mzee". Amedanganywa kuhusu nani kamchelewesha. Kuhusu kucheleweshwa, hajadanganywa. Mkimtukana, ataondoka na yule atakayemsikiliza hata kama ni tapeli.

Na mzigo upo kweli, mahali pengine. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 katikati ya ardhi kame. Mturkana ameona malori ya chakula yakimpita mlangoni kwenda kambini wakati ng'ombe na mbuzi wake wanakufa kwa ukame. Wamegombana kwa kuni, wamegombana kwa maji. Utamwambia huyo ana chuki? Ameona kwa macho mgeni akipewa chakula na yeye hapewi, ila aliyemnyima si yule aliyeshika bakuli kambini. Miaka zaidi ya ishirini ikapita ndipo mwaka 2016 ikaanzishwa makazi ya Kalobeyei jirani yake, yaliyopangwa mkimbizi na mwenyeji watumie huduma pamoja. Zaidi ya miaka ishirini kufikiri kwamba mwenye ardhi naye ana njaa!

Uganda waliliona mapema kidogo. Sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kwenye makazi anapewa kipande cha ardhi alime. Na wakaweka utaratibu kwamba karibu asilimia 30 ya msaada unaokuja kwa ajili ya wakimbizi uwafikie wenyeji. Shule ikijengwa, watoto wa pande zote mbili wanaingia. Simaanishi huko ni peponi, fedha za wafadhili zimekuwa zikipungua, mgao wa chakula umekatwa na watu wanalala njaa. Lakini angalau mtu aliyepanga alikumbuka kwamba kwenye picha kuna watu wawili.

Hicho ndicho ninachodai mimi, tena bila kuremba. Sitaki mwomba hifadhi apunguziwe ili mimi niridhike. Akipunguziwa, mama yangu hageuki kitandani. Nataka faili lake lisomwe haraka, kama anastahili akubaliwe afanye kazi alipe kodi, kama hastahili aambiwe mapema aijue hatima yake. Na nataka faili langu lisomwe na mtu anayejua tofauti ya sahihi na kisanduku. Ni mhudumu mmoja, dirisha moja tu lililo wazi, kompyuta moja inayosema "mtandao uko chini" kuanzia saa nne. Wakiongeza wahudumu wawili tunapona wote. Ila kuongeza wahudumu hakuna kura ndani yake. Kura iko kwenye picha ya hoteli.

Binamu nimemjibu kundini. Nimemwandikia: kama una uchungu na wazee, shangazi yako yuko hapa, anahitaji mtu wa kukaa naye Jumanne kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, njoo. Tiki mbili za bluu. Mpaka sasa hajajibu, lakini jana jioni katuma picha nyingine, safari hii ni boti.

Kwa hiyo Jumanne jirani atanishikia zamu kwa mama, nami nakwenda na barua ya rufaa ya ile fomu iliyorudishwa. Nimeweka sahihi ndogo kama ya mtoto wa chekechea, katikati ya kisanduku, haigusi popote. Kama kuna mwenye uzoefu na rufaa za namna hii, hasa ile sehemu ya kuambatisha cheti cha daktari, naomba aniandikie hapa chini kama wanataka nakala iliyogongwa muhuri au ya kawaida inatosha. Matusi wekeni, nitayasoma foleni.