Mpwa kafuta patisheni ya kuwashia, Windows na Ubuntu zote haziwaki. Msaada wakuu

DagaaMkavu (Kirumba, Mwanza)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Natunza hesabu za dagaa hapa Mwaloni: nani kashusha gunia ngapi, nani kachukua kwa mkopo, nani anadaiwa tangu giza lililopita. Yote yamo kwenye kompyuta moja, upande wa Windows 10. Upande wa Ubuntu, ule mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni wa mpwa wangu anayesoma chuo, aliuweka kwa ajili ya masomo yake na sikumkatalia.

Sasa jana alikuwa anatafuta nafasi. Kafungua GParted, ile programu ya kugawa diski, kakuta mwanzoni mwa diski kuna kapatisheni (kipande cha diski) ka MB 100. Akakaona ka bure, akakafuta. Akataka kukaunganisha na C, ikagoma, basi akakafomati kwa ext4, muundo wa Linux, akakaacha hapo. MB 100 zenyewe hazitoshi hata video ya harusi! Kuwasha tena, skrini nyeusi, inasema hakuna kifaa cha kuwashia.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Hajaigusa, kasema hiyo ni kupiga Windows upya, mafaili atajaribu ila hatoi ahadi. Nikabeba mashine yangu nikaondoka. Jumamosi kuna akina mama wa Sengerema wanakuja kufunga hesabu na sijachapisha hata karatasi moja. Je, kumbukumbu zangu bado zipo?

KijanaWaBuzuruga

Dada piga Windows tu yaishe. Hayo ya mifumo miwili ni ya watu wenye muda.

MzeeWaNansio

Kijana, umesoma swali? Mwenzio ana madeni ya watu humo ndani.

Marahaba DagaaMkavu. Kumbukumbu zako zipo. Alichofuta mpwa ni patisheni ya EFI: inabeba faili ndogo tu zinazoamsha Windows na Ubuntu. Ni karani wa getini. Karani hayupo, ghala limejaa vilevile. C haijaguswa, na Ubuntu haijaguswa.

Angekuwa ndani ya Windows asingeweza kirahisi, kile chombo cha kawaida cha kupanga diski hakikupi hata nafasi ya kuifuta hiyo. GParted haina huruma, ukiagiza inatekeleza. Na iligoma kuungana na C kwa sababu katikati yake na C huwa kuna kipatisheni kingine cha MB 16 cha Microsoft. Hicho msikiguse.

Angeishia kufuta tu, ningekwambia utumie TestDisk, programu ya kufufua patisheni, ingeirudisha ilivyokuwa. Kwa kuwa alishaandika ext4 juu yake, tusipoteze muda, tunajenga upya.

Kabla ya yote, hesabu zako zitoke. Tafuta flashi yenye Ubuntu, iwashe mashine kwayo, chagua kujaribu bila kusakinisha. Fungua diski ya Windows, nakili folda zako kwenye flashi nyingine. Ikikwambia diski ni ya kusoma tu usiogope, Windows ilizimwa nusu nusu, kunakili kutakubali. Ikikudai ufunguo, basi BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa na utahitaji ule ufunguo wa tarakimu 48. Hapo rudi hapa kabla hujaendelea.

Nipe matokeo ya `lsblk -f`, na uangalie kama folda `/sys/firmware/efi` ipo. Kama haipo, flashi imewaka kwa mtindo wa zamani, na GRUB utakayoweka (menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha) haitasaidia. Zima, uchague flashi ile ile kwenye menyu ya kuwashia, safari hii ule mstari wenye neno UEFI.

DagaaMkavu

Baba ubarikiwe. Hesabu zote nimezitoa, nimezifungua kwa mashine ya jirani, zipo mpaka deni la mwisho. BitLocker hakuna. Folda ya efi ipo. Diski ni sda: sda1 ndiyo ile ya ext4, sda3 ni Windows, sda5 ni Ubuntu.

MzeeWaNansio

Safi, sasa hata tukikosea hakuna kilio.

Ukiwa bado kwenye flashi ya Ubuntu, fungua GParted. Futa sda1, tengeneza mpya hapo hapo kwa fat32, tekeleza. Kisha bofya kulia, nenda kwenye bendera, weka alama kwenye `esp`. Wengi wanasahau hiyo bendera halafu wanalaumu diski.

Halafu fungua teminali, dirisha la kuandika amri:

`sudo mount /dev/sda5 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done`
`sudo chroot /mnt`
`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi`
`update-grub`

Ikikubali bila kulalamika, zima na uwashe bila flashi.

DagaaMkavu

GRUB imetokea! Lakini Ubuntu inafika katikati inasimama, inasema iko kwenye hali ya dharura na inataka nywila ya root. Na Windows haimo kabisa kwenye menyu.

PwaniYaLuchelele

Hiyo ya dharura iliwahi kunikuta. Angalia `/etc/fstab`, orodha ya patisheni ambazo Ubuntu inazifungua ikiwaka. Kuna mstari wa `/boot/efi` wenye UUID (namba ya utambulisho) ya patisheni ya zamani. Ulipofomati, UUID ilibadilika, kwa hiyo Ubuntu inasubiri kitu ambacho hakipo. Rudi kwenye flashi, andika `sudo blkid /dev/sda1`, chukua UUID mpya. Ya fat32 ni fupi, herufi na tarakimu nane zenye kistari katikati. Ibandike mahali pa ile ya zamani kwenye fstab ya sda5, si ya flashi (ukiiunganisha sda5 na /mnt, ni `/mnt/etc/fstab`), usiguse kingine kwenye mstari huo.

MzeeWaNansio

Asante Luchelele, nilipaswa kuitaja.

Windows nayo inataka flashi yake. Tafuta flashi ya kusakinishia Windows 10, iwashe, ukifika ukurasa wa lugha bonyeza Shift na F10. Utapata dirisha jeusi:

`diskpart`
`list volume`
`select volume 3`
`assign letter=S`
`exit`

Hiyo 3 ni mfano tu, wewe chagua ile ya FAT32 yenye MB 100, si ya flashi. Kisha andika `dir C:\` uone kama kuna folda ya Windows, maana C ya humo si lazima iwe C yako. Ikiwa imehamia D, badilisha herufi hapa:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Ikisema faili zimeundwa, umemaliza upande huo. Mashine ikianza kwenda Windows moja kwa moja, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) upandishe ubuntu juu.

Kuhusu menyu: tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa. Ingia Ubuntu, kwenye `/etc/default/grub` ongeza mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, halafu `sudo update-grub`. Isome inavyoandika, utaona ikiitaja Windows.

KijanaWaBuzuruga

Nafuatilia kimya kimya. Hiyo bcdboot nilikuwa siijui, nimepiga Windows za watu wengi bure.

DagaaMkavu

Imewaka, zote mbili! Fstab ilikuwa kama Luchelele alivyosema. Windows imefunguka na mafaili yangu kwenye dawati yamekaa yalivyokaa. Nachapisha madeni sasa hivi kabla umeme haujakatika.

Swali dogo: naweza kuhifadhi hicho kisehemu pembeni? Mpwa bado yupo nyumbani.

MzeeWaNansio

Unaweza, ni MB 100 tu. Ukiwa Ubuntu, nenda kwenye folda ya flashi, kisha:

`sudo umount /boot/efi`
`sudo dd if=/dev/sda1 of=efi.img bs=1M`
`sudo sgdisk --backup=jedwali.gpt /dev/sda`
`sudo mount /boot/efi`

Ya pili inabeba patisheni yenyewe, ya tatu inabeba jedwali la diski nzima. Kama sgdisk haipo, sakinisha kifurushi cha `gdisk`. Na hiyo `if` na `of` usizipishanishe, soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Flashi hiyo kaa nayo wewe, si mpwa.