Mionzi ya titi: kikundi, mtu mmoja aliyemaliza, au nipite peke yangu?

Asubuhi_Njema (mwanzisha mada)

Habari zenu wapendwa. Nina saratani ya titi la kushoto. Upasuaji nimeshafanyiwa, wametoa uvimbe na titi limebaki, na baada ya siku kumi naanza mionzi: vipindi 15, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu. Juzi nilienda kwenye kipimo cha kupanga. Nikalala mikono juu ya kichwa, nikachorwa mistari ya kalamu, nikawekewa vidoa vitatu vya tatuu vidogo kuliko punje ya ufuta, kisha nikafundishwa kuvuta pumzi na kuibana. Mambo ya kitabibu nilielezwa vizuri, sina malalamiko. Kinachonisumbua ni kingine: wiki hizi nizivuke na nani?

Nimepewa njia nne. Ya kwanza ni kikundi cha mtandaoni cha wanawake wanaoanza mionzi mwezi mmoja. Ya pili ni kikundi cha kukutana ana kwa ana mara moja kwa wiki, kinaongozwa na mshauri. Ya tatu ni mama mmoja aliyekwisha maliza, muuguzi amejitolea kutuunganisha. Ya nne ni kukaa kimya na familia yangu. Zote kwa pamoja siziwezi. Mume wangu ananisindikiza na namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini akiniuliza kama naumwa nakosa jibu, kwa sababu siumwi, na usiku silali.

Mliopita, mlichagua ipi? Iliwafaa wapi na iliwaumiza wapi?

Mama_Pacha

Pole mwenzangu. Mimi nilipigwa mionzi vipindi 25, halafu 5 vya nyongeza pale palipokuwa na uvimbe. Wiki sita. Nilikuwa kwenye kikundi cha mtandaoni cha wanaoanza pamoja, tulikuwa kumi na mmoja.

Uzuri wake ni saa nane za usiku. Unaandika "kuna mwingine anayewashwa chini ya titi?" na kabla hujaiweka simu chini wameshajibu watatu. Hakuna anayekwambia jipe moyo. Wanakuuliza unawashwa upande gani, unavaa sidiria ya namna gani, umemwonyesha muuguzi? Hilo mume hawezi kukupa hata akupende vipi.

Ubaya wake nitakwambia wazi. Wiki ya tatu mmoja wetu alituma picha ya kwapa lake limechubuka, linatoa majimaji. Siku mbili nzima nilikuwa mtu wa kwenda kwenye kioo, nainua mkono, naangalia, naushusha, narudi tena. Baadaye ndipo tulipoulizana vizuri. Yeye alikuwa anapigwa mpaka kwenye tezi za kwapa, mimi titi tu. Tulikuwa tunalinganisha vitu viwili tofauti. Tukawekeana sharti: anayeeleza ngozi yake aanze kwa kusema amepangiwa vipindi vingapi na sehemu gani zinapigwa, na picha apelekewe aliyeomba tu. Kikundi kikatulia. Kama chako hakina sharti la namna hiyo, liombe siku ya kwanza.

Chumba_cha_Mashine

Naongezea hapo kwa Mama_Pacha. Mimi si mgonjwa, naendesha mashine ya mionzi, miaka kumi na miwili sasa.

Watu wakisema "tunaanza pamoja" huwa wanadhani watamaliza pamoja, na haiko hivyo. Mpango wa zamani ni grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 25. Wakanada walionyesha kwa ufuatiliaji wa miaka kumi, uliochapishwa 2010, kwamba grei 42.5 kwa vipindi 16 zinafanya kazi ileile kwa wanawake wengi waliobakiwa na titi. Waingereza walizoea grei 40 kwa vipindi 15, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya utafiti wao uitwao FAST-Forward: grei 26 kwa vipindi 5, wiki moja tu. Anayepata vichache hajapunjwa, kila kipindi chake kina dozi kubwa zaidi. Nimeshaona mama analia kwenye korido kwa sababu jirani yake ana 25 na yeye ana 15, akaamini daktari amemkatia tamaa. Hilo limetoka kwenye mazungumzo ya wagonjwa wenyewe, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Jambo la pili: ngozi haifiki kilele siku unayomaliza. Mara nyingi inakuwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho, ndipo inaanza kupona. Wa vipindi 5 anaweza kuungua akiwa ameshamaliza na hana tena anayemwangalia kila siku. Kwa hiyo ukichagua kikundi, chagua kisichovunjika siku ya mwisho.

Na tafadhali, krimu ya mtu usiibebe. Kuna anayepewa krimu ya steroidi, kuna anayebandikwa utando wa silikoni, kuna wa losheni ya kawaida isiyo na manukato. Hata dawa ya kwapa, ambayo zamani tuliikataza kabisa, vituo vingi sasa vinairuhusu maadamu ngozi haijachubuka. Uliza wanaokuhudumia wewe.

KimyaKimya

Mimi nilichagua njia yako ya nne na naomba isidharauliwe.

Nilitoka kwenye kemo, zile dawa kali za saratani, ya miezi mitano. Habari za saratani zilikuwa zimenijaa mpaka hapa, hata zile za kheri sikuzitaka. Nilikuwa naingia, nasalimia, nafungua kitabu. Mle ndani nilikuwa na kazi moja tu, pumzi. Sauti kwenye spika inasema vuta, bana, na mimi nimeelezwa kwamba mapafu yakijaa moyo unasogea mbali na mionzi. Basi kila nilipobana niliona naulinda moyo wangu mwenyewe. Sijui nielezeje, lakini hapo nilipata utulivu ambao watu hawakuweza kunipa.

Nilipokosea ni baada ya kumaliza. Nyumbani wote walifurahi, wakarudi kwenye shughuli zao, na uchovu ndio ukanishika sawasawa. Nafua nguo tatu, nakaa. Hakuna aliyejua kwamba hilo ni la kawaida na linaweza kuendelea wiki kadhaa, na mimi mwenyewe sikujua. Niliamini ugonjwa umerudi. Laiti ningekuwa na namba ya mtu mmoja tu wa kumuuliza.

Dada_Mkubwa

Mimi ndiye yule "mama aliyemaliza". Nimeshawashika mkono wanawake kadhaa, mmoja mmoja. Kazi hii ni ya zamani: mwaka 1952 huko New York, Terese Lasser, ambaye alikuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea wanawake waliotoka kwenye upasuaji kama wake, ndiko ulikotoka mpango wa Reach to Recovery. Si madaktari wote wa wakati ule waliompenda. Wagonjwa walimpenda.

Ninachoweza kukupa ni kwamba utaniona. Utaona mkono wangu unapanda juu, utaona nimevaa nguo yangu vizuri, ukiniuliza swali la chumbani kwako nitalijibu bila kona. Nisichoweza ni kukwambia leo inakuwaje. Nilimaliza zamani, mengine nimesahau na mengine yamebadilika. Mgonjwa wangu wa kwanza nilimkataza dawa ya kwapa kwa wiki zote, kumbe kituo chake kilikuwa kimeshaacha kukataza. Mama wa watu alikuwa anakwenda kazini ananuka jasho na kuona aibu kwa ajili yangu. Tangu hapo mambo ya ngozi namrudisha kwa muuguzi wake.

Kuna machache tu ambayo nasisitiza bila kusita. Usinisubiri mimi wala kikundi, piga simu kituoni siku hiyohiyo: homa, kidonda chenye usaha au harufu, mkono unaovimba. Na kikohozi kikavu au kukosa pumzi, hata kama umemaliza miezi mitatu iliyopita, kwa sababu mapafu yanaweza kuvimba kwa ndani kutokana na mionzi, tena kwa kuchelewa, na hali hiyo ina dawa yake.

Mwalimu_Mstaafu

Asubuhi_Njema, swali lako watu wamewahi kulipima kabisa. Mwaka 1989 David Spiegel na wenzake wa Marekani walichapisha kwamba kati ya wanawake 86 waliofuatiliwa, wale waliokuwa kwenye vikundi vya kusaidiana waliishi muda mrefu zaidi. Dunia ikashangilia. Mwaka 2001 Pamela Goodwin na wenzake nchini Kanada wakarudia kwa wanawake 235, na umri haukurefuka. Wote hao saratani ilikuwa imeshasambaa, kwa hiyo hali zao si kama yako. Lakini kuna kipande cha utafiti wa Goodwin ambacho hakisemwi sana: kikundi kilipunguza dhiki ya moyo na maumivu, na walionufaika hasa ni wale waliokuja wakiwa na dhiki kubwa. Waliokuja wametulia hawakuona tofauti.

Ndiyo maana namwelewa KimyaKimya na namwelewa Mama_Pacha. Usijiunge na kikundi kwa kuogopa kwamba usipojiunga utakufa. Jiunge kama usiku hulali. Wewe umesema hulali.

Mimi nilikuwa kwenye kile cha ana kwa ana. Mshauri wetu alikuwa na jambo moja zuri sana: mtu akianza kuuza dawa za miujiza alimkatiza palepale kwa upole. Mtandaoni hakuna wa kufanya hivyo usiku. Ila baada ya wiki ya pili mwili ulikataa safari ya ziada, nikakosa vikao viwili. Kama unakokwenda ni mbali, lifikirie hilo.

Kiti_cha_Tatu

Jamani mmesahau njia ya tano. Wale mnaokaa nao pale nje.

Mionzi si kama kemo. Unakwenda kila siku, saa ileile, na unakuta watu walewale. Saa yangu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Viti vitano ukutani, wanawake wanne na mzee mmoja wa tezi dume, wote tumevaa yale magauni yanayofungwa mgongoni na kamba fupi kuliko inavyotakiwa. Siku ya kwanza mkono wangu ulikuwa umekakamaa, sifiki nyuma. Dada wa kiti cha kwanza akainuka bila kuniuliza, akanifunga, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Kila anayeingia anageuza mgongo, anafungwa.

Hatukuwa tunaongea saratani sana. Tuliongea watoto, tuliongea mvua. Lakini dakika kumi na tano hizo kila siku, wiki nne, ni nyingi kuliko nilizokaa na ndugu zangu wengine mwaka mzima. Halafu kuna hili ambalo hakuna kikundi kingine kinacho: viti vinasogea. Dada wa kiti cha kwanza alimaliza, Jumatatu akaja mpya, macho yamemtoka, kamba inamshinda. Nikainuka mimi. Nilikuwa nimefikisha vipindi 11 tu, lakini kwake nilikuwa mwenyeji.

Lenye uchungu nalo nitalisema. Kituo chetu kina kengele ya kupiga ukimaliza, desturi iliyoanza 1996 kule hospitali ya saratani ya MD Anderson, Texas, Marekani, na ofisa wa jeshi la majini aitwaye Irve Le Moyne. Kati yetu watano mmoja mionzi yake ilikuwa ya kutuliza maumivu ya mifupa, haikuwa ya kuponya. Yeye hana siku ya kengele. Hatukukaa kikao wala nini, ila nilipomaliza sikuipiga. Nilimfunga kamba zake kwa mara ya mwisho, nikamshika bega, nikatoka. Anayeipiga simlaumu, wengi imewapa nguvu. Angalia tu waliokaa karibu nawe kabla hujaishika.

Asubuhi_Njema

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na mume wangu. Nimemkubali yule mama aliyemaliza, na nimemwomba jambo moja: anipigie wiki mbili baada ya kumaliza, hata kama sijamtafuta. Hilo nimelichukua kwa KimyaKimya. Kikundi cha mtandaoni nimejiunga lakini nimezima milio, naingia nikikosa usingizi. Cha ana kwa ana nimekiacha kwanza, safari ni ndefu. Mwalimu, asante kwa kunitoa ile hofu.

Mama_Pacha

Uamuzi mzuri. Na utembee, hata dakika kumi. Uchovu wa mionzi hauishi kwa kulala tu, mimi uliniachia nilipoanza kutembea. Tupe habari.

Asubuhi_Njema

Leo nimemaliza kipindi cha nne. Pumzi naweza, mkono bado unatetemeka ukiwa juu. Viti vyetu ni vinne. Jana nilimgeuzia mgongo mama aliyekaa pembeni yangu bila kufikiri, akacheka, akanifunga, akaniuliza nani alinifundisha. Nimemsomea ujumbe wako, Kiti_cha_Tatu. Yeye anamaliza Alhamisi.