Tupeane uzoefu: mtandaoni unajitambulisha kwa jina lipi, na kwa ajili ya nani?

Mleta mada, Mtwara Mjini
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, Facebook humtaka mtumiaji aweke jina analojulikana nalo katika maisha ya kila siku, kana kwamba mtu hujulikana kwa jina moja tu. Ilhali kwetu wapo wengi waliotoka jandoni na jina jipya, wakaandikishwa shuleni kwa jina jingine, na mtaani wanaitwa Baba Fulani. Mimi Facebook ninatumia jina la vyeti, kwa sababu wenzangu wa kazini wako huko, na Instagram ninatumia jina la jandoni, ambalo watu wa kwetu Newala pekee ndio wanaolijua. Naomba kila mmoja aeleze anavyofanya na sababu zake.

Muuza korosho, Masasi
Asante, kaka. Ninauza korosho zilizobanguliwa, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam. Zamani ukurasa wangu ulikuwa na picha za mizani na vifungashio tu. Nilipoanza kuzungumza kwenye video kwa lafudhi yangu ya Kusini, ile ile niliyochekwa nayo nilipokuwa nikisoma huko Dar, oda ziliongezeka. Siku hizi ninaikoleza mbele ya kamera kuliko ninavyoongea nyumbani, hadi wanangu wananiuliza yule wa kwenye simu ni nani.

Mwalimu, Lindi
Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24, na mwenye nayo huchagua wa kuiona. Katika simu yangu wamo wazazi wa wanafunzi, mkuu wa shule, mashemeji na marafiki wa chuo, wote mahali pamoja. Nikicheza harusini, wazazi ninawaficha. Nikiweka aya, ninawaachia wote. Shemeji mmoja aligundua kuwa amefichwa baada ya kuoneshwa stetasi yangu kwenye simu ya mtu mwingine, kikaitishwa kikao cha familia.

Mkulima, Tandahimba
Picha yangu ni mkorosho, basi. Minada ya korosho ikianza Oktoba, marafiki huongezeka na waomba mikopo pia.

Mjukuu, Mikindani
Marehemu bibi yangu alikuwa na chale za Kimakonde usoni na ndonya, lile pambo linalovaliwa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa. Popote alipokwenda alitambulika bila kuulizwa, wala hakuweza kumficha huyu na kumwonesha yule, kama afanyavyo Mwalimu. Nilipoweka picha yake baadhi ya vijana walicheka, lakini mtu mmoja wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, aliniandikia kuuliza bibi alitoka kijiji gani, kwa kuwa chale zile zilifanana na za mama yake. Bado tunafuatilia ukoo.

Mleta mada
Hongera, ndugu yangu. Mwalimu, kikao kiliamua nini?

Mwalimu, Lindi
Kiliamua kwamba shemeji aone stetasi zangu zote, nami nimetii. Picha za harusi nimezihamishia Instagram, ambako yeye hayupo.