Tupeane uzoefu: Siku ya kliniki na chanjo za mtoto

Mama wa Igoma (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, hasa mnaoishi Mwanza na kandokando ya ziwa, naomba tupeane uzoefu wa kuwapeleka watoto kliniki, si kwa kunakili ratiba ambayo kila mmoja anayo kwenye kadi, bali kwa kueleza tuliyoyakuta wenyewe. Naanza mimi. Mwanangu wa kwanza alipotimiza miezi 9 nilimpeleka kupata chanjo ya surua na rubella katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Nilifika saa 1 asubuhi, mtoto akavalishwa ile suruali ya mizani ya kuning'inia, akarusha miguu na kulia hadi mshale ukakataa kutulia, na baada ya yote hayo nikaambiwa nirudi Alhamisi. Sikupewa sababu. Alhamisi hiyo nilikuwa napokea mzigo wa nyanya sokoni, ikapita, na zilizofuata zikapita vilevile. Mtoto akachanjwa akiwa na miezi 11.

Nilipokuwa na mtoto wa pili ndipo muuguzi mwingine aliponieleza kwamba chupa moja ya chanjo hiyo huwa na dozi 10, na kwamba ikishachanganywa na maji yake haitumiki tena zikishapita saa 6 tangu kuchanganywa, kinachobaki humwagwa. Kwa hiyo vituo hupanga siku moja ili watoto wakusanyike. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika moja. Laiti ningeambiwa mapema, nyanya zingenisubiri.

Baba Kulwa

Mimi ni baba wa mapacha, na walipofikisha wiki 6 nilimsindikiza mama yao, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwashika wawili. Kila mmoja alipewa matone mdomoni, ya polio na ya kuzuia kuhara, kisha akachomwa sindano mbili: ya penta, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano, paja la kushoto na ya nimonia paja la kulia. Kosa lililotokea ni langu. Nilimpakata Doto huku nikimkabidhi muuguzi kadi ya Kulwa, na tusingegundua kama mama yao hakushangaa kuona uzito kwenye mchoro wa kadi ya Kulwa umeshuka ghafla, kwa kuwa Doto ndiye mdogo. Tangu siku hiyo kadi ya Kulwa ina uzi mwekundu.

Usiku Doto alilala kama kwamba hakuna kilichotokea, Kulwa akapata joto. Bibi yao alikwisha kuchemsha maji ili amkande paja, nasi tukamwomba kwa heshima aache, kwa sababu tulikatazwa kukanda wala kupaka kitu chochote pale palipochomwa. Tulimpunguzia nguo, akanyonya mara kwa mara, na asubuhi ya pili joto lilikuwa limeisha.

Mama Neema, Ukerewe

Huku kwetu mwaloni tunategemea huduma ya mkoba: muuguzi huja kwa mtumbwi na kasha lake la baridi, mizani inafungwa kwenye tawi la mwembe, na akina mama tunapanga foleni kivulini. Shida yetu ni kuhamahama. Mume wangu hufuata dagaa kambi hadi kambi, na mwanangu alipitwa na chanjo ya wiki 10 tukiwa kambi nyingine. Kwa miezi miwili niliogopa kurudi, nikiamini kwamba nitagombezwa na mtoto ataanzishwa upya sindano zote. Nilipojikaza nikaenda, muuguzi aliniambia kwamba dozi iliyokwisha kuingia haipotei. Inaendelezwa pale ilipoishia, mradi zipite angalau wiki 4 kati ya dozi moja na nyingine. Kugombezwa niligombezwa kidogo, lakini kwa sababu ya kadi, ambayo ilikuwa imelowa maji ya ziwa hadi tarehe zikafutika. Bahati nzuri majina yetu yalikuwamo kwenye rejesta, akaninakilia kadi nyingine. Sasa naiweka ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na kiberiti cha mume wangu.

Shangazi wa Nyakato

Kwa wenye watoto wachanga: kile kipele cha bega la kulia, kinachotokana na chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto anapozaliwa, hutoa usaha baada ya wiki kadhaa na kuacha kovu. Wifi yangu alikipaka dawa ya vidonda kila siku. Kiacheni kikauke chenyewe.

Mama wa Igoma

Ahsanteni sana. Baada ya kusoma habari ya kadi ya Mama Neema nimeitoa ya mwanangu mdogo kabatini. Ana miezi 19, na dozi ya pili ya surua na rubella, ambayo ni ya miezi 18, haijajazwa. Tangu alipochanjwa ya miezi 9 nilijihesabia kwamba nimemaliza. Nitakwenda Alhamisi, na mzigo wa nyanya nimemwomba mdogo wangu aupokee.