Tangi la maji ya chumvi Dar: maji na mawe ya baharini yanafaa?

Kaskazi_Dar:
Wakuu habari. Nina tangi la kioo la lita 200 na nataka kuanza maji ya chumvi. Niko Dar, karibu na ufukwe. Mpango ni kuchota maji baharini, kuokota mawe yenye viumbe hai maji yakipwa, halafu niweke samaki nimo wawili na anemoni yao (kiumbe laini cha baharini wanamojificha), samaki kangaja wa buluu mmoja, na farasi wa bahari nikimpata. Maji ya bahari yanatumika moja kwa moja? Na tangi likae muda gani kabla ya samaki kuingia?

Bamvua:
Maji ya bahari yanafaa, ila si ya ufukwe wowote wala siku yoyote. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, siku kavu, mbali na mlango wa Mto Msimbazi, bandari na mifereji. Masika yakianza, acha: mito hushusha kiwango cha chumvi na kuleta maji taka. Chuja kwa kitambaa kizito, weka kwenye mapipa ya plastiki ya chakula, funika gizani, pampu ya hewa ikipuliza kwa wiki mbili hivi. Vijidudu vinavyoelea vitafia na kuozea humo, si ndani ya tangi. Siku moja kabla ya kuyatumia zima hewa ili tope litulie, na ukichota usilifikie. Pima kwa refraktomita (kipimo cha chumvi): unatafuta gramu 35 kwa lita, yaani uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026.

Ukitumia chumvi maalumu ya matangi, lita 200 zinataka karibu kilo 7, ikorogwe kwenye maji ya RO (yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando). Chumvi ya jikoni haina kalsiamu na magnesiamu inayotakiwa.

Shida kubwa ya Dar ni joto. Mwezi wa pili, chumba kisicho na AC pamoja na pampu na taa hupandisha maji kufika nyuzi 30 na zaidi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3, lakini maji yatapungua kila siku. Unachoongeza ni maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Ukijazia ya chumvi kila siku, baada ya wiki chache samaki watakuwa wanaishi kwenye maji ya chumvi kali mno.

Umeme ukikatika, uwe na pampu ya hewa ya betri. Na kama una filta ya kopo iliyofungwa, ikisimama saa kadhaa usiiwashe tena kabla ya kumwaga maji yake na kuiosha kwa maji ya tangi: bakteria waliokosa hewa humo hufa, na uchafu wao ukirudi ndani unaua.

Tumbawe_Hai:
Mawe usiokote, ndugu. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na hata nje ya hapo miamba hii imeshapigwa baruti miaka mingi. Jiwe unaloliona tupu ni makazi ya kaa, kamba na pweza wadogo. Wengi wao hufia ndani ya ndoo, na ukiliweka tangini unaanza na amonia ya maiti, yaani sumu inayotokana na uozo.

Tumia mawe makavu ya chokaa ya machimbo ya nchi kavu, kilo 20 zinatosha. Sugua kwa brashi, loweka kwenye maji yasiyo na chumvi kwa wiki kadhaa ukibadilisha, kisha pima fosfati (mbolea ya mwani) kwenye maji ya kuloweka. Ikiwa bado juu, endelea, la sivyo mwani utakushinda.

Muda: wiki 4 hadi 6, lakini kinachoamua ni vipimo, si kalenda. Weka kamba mbichi mmoja kwenye soksi nyepesi aoze, ili bakteria wanaokula amonia wazaliane. Amonia itapanda, itashuka, naitraiti (sumu ambayo bakteria hao huitoa kwenye amonia) itafuata. Zote mbili zikisoma 0, jaribu: tia amonia ifike miligramu 2 kwa lita. Ikirudi 0 ndani ya saa 24, na naitraiti pia, badilisha maji mengi kisha weka samaki. Usiwaingize wote siku moja. Kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8.2 ya maji ya bahari, sehemu kubwa zaidi ya amonia iko katika hali ya sumu kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi yenye pH ya chini, ndiyo maana kosa dogo la kwenye tangi la tilapia linaua hapa.

Mwamba_Wa_Ndani:
Nizungumzie samaki, kwa sababu hapo ndipo bahari inapoumia zaidi.

Nimo: nunua waliozalishwa kwenye matangi, na uliza wazi. Wa baharini huishi kikundi, jike ndiye mkubwa kuliko wote, na akitolewa dume mkubwa hubadilika kuwa jike. Mvuvi anayechagua wakubwa huwa anaondoa mzazi wa kikundi kizima. Anemoni usinunue: inataka taa kali na tangi lililokomaa mwaka hivi, na ikifa usiku mmoja inaweza kuchafua maji yote. Nimo huishi vizuri bila yake.

Kangaja wa buluu hufika sentimita 30 na huogelea mchana kutwa. Lita 200 si nyumba yake. Wengi wanaouzwa duniani bado hutoka baharini, na Ufilipino na Indonesia baadhi ya wavuvi hupuliza sayanaidi kwenye miamba ili samaki wazimie. Matumbawe nayo hufa. Ni kama utupa wetu, ila kwa kemikali kali zaidi. Dukani mwambie muuzaji amlishe samaki mbele yako; asiyekula, muache.

Farasi wa bahari na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini: kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Kwa anayeanza, muache farasi kabisa. Anataka chakula hai au kamba wadogo mara kadhaa kwa siku.

Kila samaki mpya akae tangi la pembeni la lita 60, siku 30. Ugonjwa wa madoadoa meupe ukiutibu kwa dawa ya shaba, tibu humo tu, kwani shaba huua konokono na kamba.

Kaskazi_Dar:
Asanteni sana. Kangaja namuacha. Lakini samaki akinizidi, nikimrudisha baharini si sawa, maana ni wa bahari yetu hii hii?

Mwamba_Wa_Ndani:
Hapana. Hata wa aina ya kwetu anaweza kuwa alikuja kwa ndege kutoka Indonesia, akapita kwenye matangi ya samaki wagonjwa. Pwani ya Florida samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki walionekana 1985, na wataalamu wanashuku walitoka kwenye matangi ya watu. Sasa wamejaa Karibiani na jike mmoja hutaga mayai yapatayo milioni 2 kwa mwaka. Mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Maji ya kubadilisha, lita 20 kwa wiki, mwaga chooni, si kwenye mfereji unaoenda ufukweni.