Ulinganisho: nitafiti podikasti za uchunguzi wa jinai au zile za watu wanaosimulia miiko ya maisha yao?

Msikivu: Wanajamvi, salaam. Ninatakiwa kuwasilisha pendekezo la utafiti kuhusu masimulizi ya sauti yanayogusa mambo ya giza na ya mwiko, nami nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuchambua podikasti zinazofuatilia jinai moja kwa msimu mzima, mfano Serial, ambayo mwaka 2014 ilikifungua upya kisa cha Adnan Syed na kuuawa kwa Hae Min Lee mwaka 1999. Ya pili ni kuchambua zile ambazo mtu husimulia mwenyewe jambo linalonyamaziwa, kama kujiua kwa ndugu, kuharibika kwa mimba au unyanyasaji wa nyumbani, kwa mtindo wa Death, Sex & Money ya Anna Sale. Ipi itanipa mengi zaidi ya kusema kuhusu sanaa ya kusimulia?

KinasaSauti: Ndugu Msikivu, swali ni zuri lakini umeliacha nusu. Hujasema unasoma ngazi gani, kama utachambua vipindi vilivyopo au utarekodi vyako, wala kama utahoji wasikilizaji. Ukihoji hata mtu mmoja kuhusu kifo au ubakaji, utapaswa kupitia kamati ya maadili ya utafiti, na hapo ratiba yako yote itabadilika. Tupe hayo kwanza.

Mpelelezi: Hata bila hayo, mimi nasema jinai. Msimu mzima unakupa muundo unaopimika: habari ipi imecheleweshwa, shahidi yupi ameletwa mwanzoni, kipindi kimekatiwa wapi ili msikilizaji arudi. Zaidi ya hapo, kazi hizi zina matokeo yanayoonekana. Msimu wa pili wa In the Dark, uliotoka mwaka 2018, ulichunguza kesi ya Curtis Flowers, aliyeshtakiwa mara 6 kwa mauaji yale yale katika jimbo la Mississippi. Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha hukumu yake mwaka 2019, na mashtaka yakafutwa mwaka 2020. Mtafiti anaweza kufuata ushahidi kipindi kwa kipindi na kuona jinsi timu ilivyougeuza kuwa masimulizi bila kuuharibu.

Sauti ya Pili: Kaka Mpelelezi, umechagua mfano bora kuliko yote ukaacha ile inayotia shaka. Caliphate ya The New York Times, ya mwaka 2018, ilimjenga msimulizi wake mkuu kama mtu aliyeua kwa niaba ya kundi la kigaidi, kisha mwaka 2020 gazeti lenyewe likakiri kwamba maelezo yake hayakuthibitika, na tuzo ya Peabody ikarudishwa. Hata The Teacher's Pet ya Australia, ambayo mshukiwa wake Chris Dawson alitiwa hatiani mwaka 2022, ililazimika kuondolewa nchini humo kabla ya kesi ili isiathiri haki yake mahakamani. Katika podikasti za jinai aliyeuawa hana sauti kabisa, na mtangazaji ndiye anayekaa katikati ya jukwaa. Mimi ningechagua wanaojisimulia wenyewe bila kusita.

Msikivu: Asanteni, na niwieni radhi kwa kuwacheleweshea maelezo. Ni tasnifu ya shahada ya uzamili, nitachambua vipindi vilivyokwisha kutoka, na sitarekodi chochote. Kuhusu kuhoji wasikilizaji bado sijaamua. Msimamizi wangu anapendelea njia ya pili kwa sababu anaamini kwamba huko mwenye kisa ndiye mwenye usemi.

Mnukuzi: Imani hiyo ya msimamizi wako ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu. Niliwahi kunukuu mahojiano kwa ajili ya kituo kimoja ambacho sitakitaja. Dada mmoja alikuwa akisimulia jinsi kaka yake alivyojiua, na alipofika kwenye ile asubuhi waliyomkuta, akanyamaza. Katika rekodi ghafi ulisikika mkono ukipapasa meza, kiti kikasogea, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Naomba tuyapite hayo." Kilichorushwa kilikuwa kitu kingine kabisa. Ombi lake lilikatwa, ukimya ukatandikiwa muziki wa kinanda, na swali la mtangazaji kuhusu njia aliyoitumia marehemu likaunganishwa na jibu alilolitoa kwa swali jingine, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vyombo vya habari unasisitiza kwamba njia ya kujiua isielezwe. Alipolalamika akaonyeshwa fomu ya ridhaa aliyoitia saini kabla ya kurekodi, iliyokipa kituo haki ya kuhariri kadiri kitakavyoona inafaa. Mama yao, ambaye wanawe walikuwa wamekubaliana asielezwe namna kifo kilivyotokea, alikipata kisa kizima kutoka kwa jirani aliyemtumia kiungo kwenye simu.

Sasa fikiri, ndugu Msikivu: mtafiti aliyekisikia kipindi kile tu angeandika kurasa nzima kuusifu ujasiri wa dada yule kusimulia yasiyosemeka. Kusikia "mimi" katika hedifoni hakuthibitishi kwamba mwenye kisa ndiye aliyeamua kisa kisimuliwe vipi.

KinasaSauti: Pole sana, na umenigusa. Kwa sababu hiyo hiyo nampinga yeyote anayechambua podikasti kwa kusoma maandishi yake. Maandishi yangeandika "kimya" au yasingeandika chochote. Tumia ELAN, programu ya bure inayokuwezesha kuweka maelezo sambamba na sauti kwa mistari tofauti: maneno, pumzi, muziki, mtangazaji. Praat, programu nyingine, hupima urefu wa vituo, yaani pale msemaji anaponyamaza, na kupanda au kushuka kwa sauti.

Mpelelezi: Praat itapima kituo, lakini haitakuambia kama kituo hicho ni cha msimulizi au cha mhariri. Kwa hoja hiyo narudi kwenye jinai, ambako kuna nyaraka za mahakama za kulinganisha na kilichosikika.

Sauti ya Pili: Na podikasti ya S-Town mtaiweka wapi? Ilitoka mwaka 2017 ikielekea kuwa ya mauaji, ikaishia kuwa habari ya maisha ya siri ya John B. McLemore, aliyejiua mwaka 2015 kabla haijakamilika. Wasimamizi wa mirathi yake walifungua kesi mwaka 2018 na pande zikaafikiana mwaka 2020. Kazi hiyo moja inavunja mgawanyo wa njia zako mbili, kwa maana mwenye siri ameisema kwa sauti yake na bado hakuwapo kujibu ilipotoka.

Msikivu: Hilo linanisogeza kwenye swali la nani anahariri sauti ya nani, na huenda nikachukua kazi moja kutoka kila upande. Msimamizi atasema nimetawanyika.

Mnukuzi: Kabla hujachagua, uliza jambo moja zaidi: dada yule aliomba kipindi kifutwe, na hatimaye kilifutwa, lakini nakala bado zinazunguka. Mtafiti akiipata nakala hiyo, je, ana haki ya kuichambua?

KinasaSauti: Kilishakuwa hadharani, kwa hiyo ni data kama nyingine, mradi utambulisho wake ufichwe.

Sauti ya Pili: Kuficha jina la mtu ambaye sauti yake inajulikana na familia nzima ni kumficha nani? Mimi nisingeigusa nakala hiyo, na ningetaka kujua kamati ya maadili ya chuo cha Msikivu ina msimamo gani.

Msikivu: Nimewaandikia leo kuwauliza. Wakinijibu nitalileta hapa.