Amemwagia kimea changu maji yanayotokota, kisha anasema ufanisi wangu wa kutoa sukari kwenye kimea ni duni!

Mleta uzi:
Wakuu, naandika kutoka hapa Uingereza nikiwa bado na hasira, kwa sababu jambo hili limetokea leo mchana na machicha bado yamo ndani ya deli. Sina haja ya kumtaja mhusika, kwani nyote mnamjua. Ni yule bwana anayefika kwenye kila upishi wa bia bila hata kilo moja ya kimea, na hadi anapoondoka kila mwenye nyumba ameshafundishwa upya kazi yake mwenyewe.

Nilikuwa na kilo 5 za kimea cha shayiri ya Maris Otter, kilichosagwa asubuhi hiyohiyo, punje zimepasuka na maganda yamebaki mazima. Maji lita 12.5 yalikuwa yamechemka, nami nilikuwa nayasubiri yashuke hadi nyuzi 74, ili yakikutana na kimea baridi mchanganyiko utulie kwenye 66, joto ambalo vimeng'enya viwili vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufanya kazi kwa pamoja. Nikatoka kumfungulia mgeni mlango. Niliporudi, bwana huyo alikuwa amerudisha sufuria motoni mpaka maji yakatokota tena, ameiinua yote, na anayamimina juu ya kimea kama mtu anayetaka kunyonyoa kuku!

Nikachovya kipimajoto, kikasoma 84. Kimeng'enya kinachotoa sukari ambayo chachu huila kwa urahisi hakidumu hata kwenye 70; kwenye 84 hufa ndani ya dakika chache, na mwenzake hakichelewi kukifuata. Nikaongeza maji baridi na kukoroga mpaka mkono ukafa ganzi, joto likashuka, lakini kimeng'enya kilichokufa hakifufuliwi na maji baridi. Baada ya saa nzima nikadondoshea tone la iodini kwenye maji yale juu ya kisahani cheupe, na badala ya kubaki na rangi yake ya kahawia likageuka bluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi. Wanga tele!

Hapo ndipo aliponimaliza. Akiwa ameshika kisahani hicho, mbele ya wageni wote, alisema: "Tatizo ni usagaji wako, ndiyo maana ufanisi wako huwa duni siku zote." Mtu aliyemimina maji yanayotokota! Kwa mikono yake miwili! Na wageni wakanitazama mimi kwa huruma, wala si yeye.

Kilo moja ya kimea hiki inaweza kutoa sukari ya kama nyuzi-lita 300 (tarakimu za haidromita, kifaa cha kupimia sukari, zinazofuata 1.0, mara idadi ya lita), kwa hiyo kilo 5 zina 1,500. Mimi hupata lita 23 zenye kipimo cha 1.049, yaani 49 mara 23, kama 1,127, ambayo ni asilimia 75 ya 1,500. Huo ndio ufanisi anaouita duni mtu aliyemimina maji yanayotokota juu ya kimea changu chote. Mtu wa namna hii anaruhusiwaje kukaribia jiko la mwenzake?

Kapi Kavu:
Pole sana, mkuu. Kwangu alikuwa akifunua mfuniko wa deli kila baada ya dakika 5 ili "kuangalia maendeleo", mpaka mchanganyiko ukashuka kutoka 66 hadi 60, kisha akanitangazia kwamba deli langu ni bovu.

Mzee wa Pipa:
Mleta uzi, lawama ni zako. Ulijua tabia yake, na bado ukamwacha peke yake na sufuria ya moto. Isitoshe, kuchemsha si dhambi: Wacheki wa Plzeň huchemsha mchanganyiko wao mara tatu, na bia yao inasifika dunia nzima.

Mleta uzi:
Huchemsha sehemu, ndugu yangu, sehemu! Kiasi hutolewa, huchemshwa na kurudishwa, huku vimeng'enya vikibaki hai katika majimaji yaliyoachwa pipani. Hakuna Mcheki anayemimina maji yanayotokota juu ya kimea chote kwa mkupuo mmoja. Usimtetee.

Wimbi la Kakamega:
Shangazi yangu hupika busaa bila kipimajoto wala iodini, lakini huacha unga wa mahindi uliokaangwa upoe kwanza, ndipo hutia kimea cha wimbi. Ninyi wenye vifaa vya gharama mnashindwaje kulinda sufuria moja?

Haidromita:
Maji ya moto ni kero ndogo. Kero kubwa ni wanaojitangazia ufanisi wa asilimia 95 humu. Hupima maji ya kwanza yanayotoka, ambayo ndiyo mazito kuliko yote, kabla ya kuyachanganya na yale ya kusuuzia machicha, kisha huzidisha kipimo hicho kwa ujazo wa pipa zima. Koroga kwanza, poza, ndipo upime! Nimechoka kuwaeleza.

Mzee wa Pipa:
Kama unanisema mimi, nilikoroga.

Haidromita:
Hukukoroga. Picha uliiweka mwenyewe, na maji ya kusuuzia bado yalikuwa kwenye ndoo ya pembeni.

Chujio Limeziba:
Mimi nina shemeji aliyekaza mashine yangu ya kusagia, ambayo huwa naiweka nafasi ya milimita 1 hivi kati ya magurudumu yake, akasaga kimea chote kikawa laini kama sembe. Maganda ndiyo chujio lenyewe; yakisagika, machicha hugandamana na bomba halitoi hata tone. Nililazimika kuteka mchanganyiko kwa bakuli na kuukamua ndani ya shuka, usiku, huku yeye akinieleza kwamba kadiri unga unavyokuwa laini ndivyo sukari inavyotoka nyingi.

Kapi Kavu:
Kwa hilo hajakosea, ila sukari hiyo haina njia ya kutoka. Changanya makapi ya mpunga yaliyooshwa. Hayaongezi sukari wala ladha, lakini hufungua njia ya maji.

Chujio Limeziba:
Kiasi gani kwa kilo 5?

Kapi Kavu:
Gramu 250 zinatosha. Na mashine ifungie kabatini.

Wimbi la Kakamega:
Makapi hayo mnayapata wapi huko Uingereza?